Msalaba Ulipochekwa, Mchumba Akanyamaza

“Nani huyo mwanamke?” msusi aliuliza.

Seremala aliilaza simu kifudifudi juu ya meza ya kazi.

“Mwanamke gani tena?”

“Aliyekuambia, ‘Njoo ukitoka kazini, tunakusubiri.’ Nimemsikia kwa masikio yangu!”

“Ni mteja.”

“Mteja hana jina?”

Seremala akachukua msasa, akaanza kusugua mguu wa kiti uliokwisha kulainika. Msusi akajua anadanganywa.

Walikuwa wachumba, na harusi ilikuwa karibu. Lakini tangu Jumamosi iliyopita moyo wa msusi haukutulia. Siku hiyo alimpelekea mchumba wake chakula karakanani. Walipoinamisha vichwa kusali, mpaka rangi wa pale, waliyemwita Brashi, aliegemea ukuta, akanyoosha mikono na kutoa ulimi.

“Mungu gani huyo, kushuka msalabani kulimshinda? Mwambieni aje anishikie ngazi!”

Karakana nzima ikaangua kicheko. Msusi alimtazama mchumba wake, akingoja neno. Seremala akasema “Amina,” akaanza kula.

Kaka yake msusi aliposikia, alitikisa kichwa.

“Dada, asiyemtetea Mungu wake atakutetea wewe?”

Kwa hasira, msusi akamwandikia Brashi mwenyewe: “Mama aliyekuzaa na aozee kitandani!” Hakujibiwa.

Na sasa seremala na Brashi walikuwa wakinong’onezana na kuondoka pamoja kila jioni. Jana adui, leo chanda na pete? Msusi alihisi Brashi ndiye anayemtafutia mchumba wake mwanamke.

Jioni hiyo akawafuata. Seremala alikuwa na mbao begani. Wakaingia nyumba moja nyuma ya mashine ya kusaga, na aliyewafungulia alikuwa msichana mrembo, anacheka. Msusi akaugonga mlango kwa ngumi.

“Toka nje, wewe na hawara yako!”

Brashi akafungua.

“Hawara yupi? Huyo ni dada yangu. Punguza sauti, mama amelala.”

Ndani, seremala alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, akifunga ubao wa kumwinua mgonjwa mgongo. Bibi aliyelala pale alikuwa amepooza upande mmoja.

“Kwa nini ulinificha?” msusi alimuuliza seremala.

“Brashi aliniomba nisimwambie mtu. Hakutaka karakana imwonee huruma.”

“Na Yesu alipodhihakiwa mbona ulinyamaza?”

“Sikunyamaza. Ulipoondoka nilimvuta pembeni, nikamwambia imeniuma, asirudie. Akainama. Baadaye akaniuliza kama naweza kutengeneza kitanda cha mgonjwa.”

Ujumbe aliouandika ukamrudia msusi, neno kwa neno. Akamtazama Brashi, naye Brashi akamtazama bila kupepesa.

Bibi akafumbua macho.

“Nani huyo, mwanangu?”

Msusi akangoja aibu yake.

“Mchumba wa fundi, mama,” Brashi akajibu. “Juzi aliniandikia. Alikuwa anakuulizia.”

“Mungu ambariki.”

Machozi yakamtoka msusi kama mvua. Akamvuta Brashi hadi mlangoni.

“Nisamehe, kaka yangu.”

“Ule ujumbe niliufuta, dada asije akauona. Mimi bado siamini mnachoamini, shemeji. Ila ile Jumamosi nilivuka mpaka.”

Njiani kurudi, msusi hakumshika seremala mkono.

“Uliniambia ni mteja.”

“Nilidanganya. Hilo sina cha kujitetea.”

“Siri ya mtu itunze, sikukatazi. Niambie tu, ‘Hii ni siri ya mtu.’ Ukinidanganya tena naondoka, hata ukidanganya kwa wema.”

“Sitarudia.”

Msusi akamkazia macho hadi akaridhika. Ndipo akaupokea mkono wake.

Walifunga ndoa mwezi uliofuata. Mafundi wote wa karakana walikuja, Brashi akiwemo, lakini yeye alibaki nje, ameegemea mlango wa kanisa. Maombi yalipoanza, fundi mmoja aliyekuwa karibu naye akaanza kumwigiza mchungaji huku akicheka.

Brashi akamshika bega.

“Nyamaza,” alisema. “Watu wanasali.”