Datsun ya Muli Mlangoni pa Nzioka

Jumamosi tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa 1987, ndiyo siku gari la Muli liliungua.

Asubuhi ilikuwa kama Jumamosi nyingine yoyote. Mumbua, msichana wa miaka kumi na miwili, alichota maji kwenye pipa akaosha kioo cha mbele cha Datsun ya baba yake. Muli alipima magurudumu kwa kuyapiga teke, kama alivyozoea. Wakapakia magunia ya kunde, wakatoka Tawa kwenda soko la Mukuyuni. Redio ilikuwa inaimba. Ilikuwa mpya, imefungwa garini wiki hiyo hiyo, na Mumbua alipiga vidole kwenye magoti akifuata wimbo.

Kwenye mteremko redio ilikatika ghafla. Ikaja harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi mweusi ukatoka chini ya dashibodi.

"Ruka, Mumbua! Ruka!"

Akaruka. Muli alisimamisha gari, akafungua boneti na kuushika waya wa betri kwa mkono mtupu ili aung'oe. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye waya. Watu waliokuwa wakipalilia shamba la karibu walikuja mbio, wakamwaga mchanga, lakini moto ulikuwa umeshakula viti na usukani.

Gari hilo ndilo lililopeleka wagonjwa wa kijiji hospitalini. Muli alilinunua baada ya mke wake, Syokau, kufa kitandani akingojea gari la serikali. Chifu alikuwa amesema liko njiani. Mpaka leo liko njiani.

Muli aliketi kando ya barabara, mkono umefungwa leso. "Mumbua," aliuliza, "uligusa kitu chochote huko chini?"

"Sikugusa, baba."

Hakuuliza tena. Lakini swali hilo moja lilimuuma Mumbua kuliko moshi uliokuwa machoni.

Redio hiyo ilifungwa na Nzioka. Duka lake lilikuwa katikati ya soko la Tawa. Mlangoni alikuwa ameweka spika mbili kubwa zilizotikisa mabati ya majirani, na ukutani alikuwa ametundika leseni yenye muhuri ndani ya fremu ya kioo. Chifu Kilonzo, shemeji yake, ndiye aliyelifungua duka hilo. Alisema barazani, "Mwenye gari asiende kutajirisha wageni huko Sultan Hamud. Tuna mtoto wetu hapa." Watu wakapiga makofi. Sisi hupiga makofi upesi sana.

Tena Nzioka alikuwa mtu wa mbai moja na Muli, yaani ukoo mmoja. Na kwetu, mtu wa mbai yako akikufanyia kazi, huinami kuchungulia kama ameifanya vizuri. Ni sawa na kuhesabu vipande vya nyama alivyokupakulia. Unashukuru, unakwenda zako.

Mumbua alikuwa bado hajui aibu hiyo. Siku redio ilipofungwa, aliinama aone nyaya zinapita wapi.

"Wewe! Toa kichwa hapo!" Nzioka alifoka. "Muli, umeniletea inspekta?"

Wateja wakacheka.

"Mwombe baba yako mdogo msamaha," Muli alisema. Mumbua akaomba msamaha, na dashibodi ikafunikwa kabla mtu yeyote wa nyumba ya Muli hajaona kilichokuwa nyuma yake.

Jumatatu baada ya moto, Muli alikwenda dukani na bendeji mkononi. Mumbua alikuwa naye. Nzioka hakupunguza hata sauti ya muziki.

"Pole, ndugu yangu," alisema kwa kupiga kelele. "Lakini hapo mimi simo. Huyu msichana wako nilimkuta mwenyewe akichokora nyaya. Watu walimwona. Sasa amekuunguzia gari, unakuja kwangu?"

"Mimi sikuchokora!" Mumbua alisema.

"Unasikia anavyojibu wakubwa? Ndiyo hivyo alivyo."

Habari ilifika kwa chifu kabla Muli hajafika nyumbani. Kwenye baraza, Chifu Kilonzo aliinua fimbo yake akasema, "Wazazi, chungeni mikono ya watoto wenu. Muli amepoteza gari kwa utundu wa msichana mmoja." Hakuwa amekwenda kuliona gari. Hakuwa amemuuliza Mumbua hata neno moja. Wakubwa wa aina hiyo wakipewa fimbo hudhani wamepewa na macho.

Shuleni mambo yakawa mabaya zaidi. Mumbua alipoingia darasani, mvulana mmoja alipaza sauti, "Fundi wa moto amekuja! Ficheni viberiti!" Dawati lake likawa na nafasi pande zote mbili. Hata waliojua kwamba yeye si mtundu walisema, kama chifu mwenyewe amesema, basi kuna kitu.

Ni binamu yake Mutiso peke yake aliyeketi naye. Na Mutiso alikuwa na mpango.

"Tukitoka shule, tunavunja ile fremu ya leseni," alinong'ona. "Mimi nitalinda njia. Wewe urushe."

Mumbua alichagua jiwe lenye ncha. Alikuwa nalo mkononi, nyuma ya hoteli ya chai iliyotazamana na duka, Muli alipowakuta.

"Unataka kufanya nini?"

"Nataka alie."

Muli akauchukua mkono wake, akalitazama jiwe. "Mimi pia nataka alie," alisema polepole. "Lakini ukivunja kioo, chifu atasema, mnaona? Ndiye yule yule mharibifu. Utakuwa umemsaidia Nzioka. Tupa hilo. Tutafute kitu kitakachomuuma kweli."

Kesho yake Muli alikwenda kwenye Datsun iliyoungua, akakata kipande cha waya kilichotoka kwenye betri kupita ndani ya bati hadi ilipokuwa redio. Akakitia kwenye kiondo. Yeye na Mumbua wakapanda lori la mchanga, wakapita Kasikeu, wakafika Sultan Hamud kwenye duka la Ng'ang'a, huyo mgeni aliyekatazwa barazani.

Hakukuwa na muziki mlangoni. Mke wa Ng'ang'a, Nyawira, alikuwa kwenye kaunta akiuza betri za tochi, akawaelekeza uani. Ng'ang'a alikuwa mtu wa majivuno na maneno mengi. Aliushika waya, akaugeuza, akasonya.

"Haiya! Nani alifunga hii? Muuza nyama?"

"Niambie tu kwa nini gari langu liliungua," Muli alisema.

"Mzee, fyuzi iko wapi? Waya umetoka kwa betri moja kwa moja mpaka redio. Fyuzi ni mlinzi. Umeme ukizidi, yeye anakufa, gari linabaki. Hapa hakuna mlinzi. Halafu tazama hapa waya ulipopita kwenye tundu la bati. Hakuna mpira wa kuukinga. Kila mkiruka shimo, bati linaukata. Siku waya uligusana na bati, kwisha."

"Mtoto aliyeketi kiti cha mbele anaweza kufanya hivyo?" Muli aliuliza.

"Hapa? Hapa ni ndani ya boneti, nyuma ya injini! Huyo mtoto ana mkono wa futi ngapi?"

"Sema tena," Mumbua alisema.

Ng'ang'a akamtazama. "Nini?"

"Sema tena, baba asikie vizuri."

"Nimesikia, mama," Muli alisema, na akageuza uso kando. "Nimesikia, na nisamehe kwa kukuuliza."

Ng'ang'a akajifanya hakuona. "Njooni muone kazi ya mtu aliyefundishwa," alisema, akawapeleka kwenye Pijo nyeupe iliyokuwa pale uani. "Ingiza kichwa, msichana. Ingiza! Mimi mteja asiponichungulia naumwa na tumbo. Nitajuaje kama anajua anacholipia?"

Mumbua akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Aliiona fyuzi ndani ya kichupa chake kidogo. Aliuona mpira mweusi mahali waya ulipopenya bati. Kisha alipoinua macho, aliona kofia ngumu ya kaki kwenye kiti cha nyuma, na fimbo aliyoijua.

"Baba! Hili ni gari la Chifu Kilonzo."

"Mteja wangu wa siku nyingi," Ng'ang'a alisema kwa kiburi. "Redio ya kwanza nilimfungia mimi, na hii pia. Ameenda kula nyama hapo mbele."

Muli alicheka. Hakuwa amecheka tangu siku ya moto, na hicho hakikuwa kicheko cha furaha. Alimwomba Ng'ang'a afike Tawa siku ya soko aseme aliyoyaona, lakini Ng'ang'a alikataa.

"Mimi nikija, watasema Mkikuyu amekuja kuua biashara ya mwenzake. Nendeni na huo waya. Waya hauna kabila."

Siku ya soko, Muli aliazima ng'ombe wanne wa jirani yake Mbuvi, wale wa kulimia. Wakafunga mnyororo wa jembe kwenye Datsun iliyoungua. Mumbua alitangulia akishika kamba ya ng'ombe wa mbele, kama wakati wa kulima, na gari likavutwa likikwaruza barabara mpaka katikati ya soko. Walilisimamisha mlangoni pa Nzioka, katikati ya zile spika mbili. Muli akafungua boneti, akaketi juu ya kreti la soda.

Watu wakajaa.

"Muli, umetuletea nyama choma ya chuma?" aliuliza Kalondu, muuza nyanya, na watu wakaangua kicheko.

Nzioka alitoka mbio. "Ondoa takataka yako hapa! Inaniharibia biashara!"

"Si yangu," Muli alijibu. "Ni kazi yako. Nimekurudishia."

"Ni kazi ya huyo msichana wako! Kila mtu anajua!"

Mumbua alitoa waya kwenye kiondo. Aliulaza ndani ya boneti, pale pale ulipokuwa, mpaka mahali palipokatwa na bati pakalingana na tundu. "Baba mdogo," alisema, "uliniambia nitoe kichwa. Leo ingiza chako. Waonyeshe watu uliweka fyuzi wapi."

"Iliungua na gari!"

"Aa," alisema Mbuvi, mwenye ng'ombe. "Basi tufungue pikapu yangu. Wewe ndiye uliyenifungia redio, na haijaungua bado."

Wakafungua pikapu ya Mbuvi. Hapakuwa na fyuzi. Mwenye gari jingine akafungua lake, hapakuwa na fyuzi. Wenye magari wakaanza kung'oa nyaya za betri kama watu waliokuta nyoka kitandani. Mtu mmoja akaingia dukani, akazima muziki.

Hapo ndipo Chifu Kilonzo alipofika na askari wake. "Tawanyikeni! Nani ametoa kibali cha mkutano? Wewe msichana, tena ni wewe?"

"Ni mimi, Bwana Chifu," Mumbua alisema. "Tuliliona gari lako Sultan Hamud, kwa Ng'ang'a. Redio yako inafungwa huko. Na ya kwanza pia ilifungwa huko."

Watu walimgeukia chifu. Hata Nzioka aligeuka. "Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "ni kweli?"

Chifu alirekebisha kofia yake. Alisema ana mkutano kwa D.O., afisa wa tarafa, akaondoka kwa haraka, askari wakimkimbilia.

Wazee wa mbai walikaa mchana huo huo. Waliamua Nzioka ampe Muli pikapu yake mwenyewe aitumie mpaka Datsun itengenezwe, na duka lifungwe mpaka Nzioka ajifunze kazi kwa mtu anayeijua. Walimuuliza Muli kama ameridhika.

"Bado," Muli alisema. "Alimtukana mwanangu kwa sauti kubwa. Asafishe jina lake kwa sauti kubwa."

Basi Nzioka alisimama mbele ya soko lote, akashika kipaza sauti, na spika zake mwenyewe zikatangaza mpaka kilimani: "Mumbua wa Muli hakugusa kitu. Makosa ni yangu." Muli alimfanya arudie, kwa sababu waliokuwa upande wanakouzwa ng'ombe walisema hawakusikia vizuri. Mutiso alisikia vizuri sana, lakini naye akapiga kelele kwamba hakusikia.

Jioni, wakirudi nyumbani ndani ya pikapu ya Nzioka, Muli alimuuliza binti yake, "Ulifurahi?"

"Nilifurahi sana, baba."

"Mimi pia. Sitakudanganya eti nimemsamehe, labda mwakani." Akaendesha kidogo, mkono wenye bendeji juu ya usukani. "Lakini mwanangu, mimi ndiye niliyekuambia uombe msamaha kwa kuchungulia. Usiombe tena. Ukitafuta fundi, usifuate kelele za mlangoni, wala muhuri wa ukutani, wala kusema huyu ni wa kwetu. Inama uangalie kazi yake. Waulize waliofungiwa kabla yako. Fundi mwaminifu atakushikia taa uone vizuri. Anayekufukuza, hata kama ni ndugu yako, chukua gari lako uondoke."

Mumbua alifikiri njia yote. Walipofika nyumbani alisema, "Baba, mimi nina swali la chifu."

Alimuuliza kwenye baraza lililofuata, akiwa amesimama kati ya watu wazima, na chifu akamwita mtu mwingine aseme. Muli amelirudia swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo, na Mbuvi, na hata Kalondu muuza nyanya. Kofia imerekebishwa kila mara, lakini jibu halijatoka:

"Bwana Chifu, kama hukumwamini Nzioka na gari lako, kwa nini ulituambia sisi tumwamini na yetu?"