Mikasi Miwili Kwenye Daftari

Siku moja kila mwezi, Kijiti hakwenda shule. Aliongozana na mama yake, fundi wa kushona, hadi kwenye jengo la utafiti nyuma ya hospitali. Shuleni aliandikishwa kwa jina jingine, ila kwa wembamba wake kila mtu alimwita Kijiti. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alizaliwa na selimundu. Chembe nyekundu za damu yake zilipinda kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo na kumletea maumivu ya mifupa.

Daktari waliyemfuata alikuwa mtafiti wa damu. Juu ya meza yake palikuwa na vishikio viwili vya mirija. Cha kijani kilikuwa na damu ya watu wenye VVU, cha bluu damu ya wenye selimundu. Mwaka huo alikuwa akitafuta dozi inayofaa ya dawa ya selimundu kwa watoto. Kila mtoto alipewa chupa ya vidonge na daftari dogo lenye miraba. Ukimeza, unaweka alama ya vema. Usipomeza, unaweka mkasi, yaani X.

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba, mwanangu. Mifupa inasemaje?”

“Haisemi kitu.”

“Haisemi wapi!” mama akadakia. “Wiki iliyopita kalia na miguu siku mbili. Nimemkanda kwa maji ya moto mpaka vidole vyangu vikakunjamana kama vya bibi kizee.”

Daktari alifungua daftari. Vema thelathini. Akageuza chupa. Tupu. Kisha akasoma karatasi ya majibu ya damu, akairudia, akamwita fundi wa maabara.

“Sampuli hii umeipima mara ngapi?”

“Mbili. Mashine ni nzima, Daktari. Labda damu yenyewe ndiyo kaidi,” fundi akasema, akimkonyeza Kijiti.

“Ipime ya tatu. Nami nitaitazama kwa darubini.”

Kijiti na mama yake walingoja kwenye benchi pamoja na watoto wengine wa utafiti. Kijiti alitazama viatu vyake. Asubuhi kidonge kilimtia kichefuchefu, kwa hiyo alikuwa akimeza shuleni wakati wa mapumziko. Siku moja jirani yake wa dawati aliiona chupa. “Haya, duka la dawa limefunguliwa!” akapaza sauti. “Si ndivyo wanavyomeza wenye VVU?” Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo kidonge kilikwenda chooni, na jioni Kijiti aliweka vema yake, imenyooka vizuri.

Daktari alirudi akaketi.

“Mashine haina kosa,” alisema. “Dawa hii ikifanya kazi, chembe nyekundu hunenepa. Zako zilikuwa zimeanza, sasa zimerudi nyuma. Naona dozi haitoshi. Nitaiongeza, na huenda nikawaongezea na wenzako.”

“Haina madhara, Daktari?” mama akauliza.

“Ikizidi, hupunguza chembe nyeupe, zile zinazolinda mwili. Maradhi madogo yanaweza kuwa makubwa. Ndiyo maana siongezi kwa kubahatisha. Nafuata daftari.”

Akachukua kalamu. Kijiti aliwafikiria wale wenzake wa kwenye benchi, hasa yule mdogo aliyekuwa hajaota meno ya mbele.

“Usiandike, Daktari,” alisema. “Daftari linadanganya. Mimi ndiye niliyedanganya.”

Akaeleza yote. Mama alishika kichwa. “Kumbe! Mimi nakukanda, wewe unamwaga dawa chooni?”

“Taratibu, mama yangu,” Daktari alisema. Akamsogezea Kijiti kalamu. “Siku ngapi?”

“Kumi na tisa.”

“Usifute. Weka mkasi juu ya kila vema ya uongo. Mimi nitatia sahihi pembeni.”

Ilichukua muda. Mikasi mingine ilitoka imepinda.

“Sikuwahi kukuuliza unamezea wapi,” Daktari alisema alipomaliza. “Kosa hilo ni langu. Kuanzia leo meza nyumbani, jioni, ukishakula. Na kuhusu huyo jirani yako, tazama hapa.” Akainua mrija mmoja kutoka kila kishikio. “Upi wa VVU?”

“Sijui. Yote ni myekundu.”

“Basi. Wenye VVU wanaomeza dawa zao wanafanya kazi na kulea watoto. Hakuna ugonjwa wa kuchekwa kati ya haya mawili.”

Siku iliyofuata Kijiti alimweleza jirani yake selimundu ni nini. Jirani alisikiliza, akauliza kama inauma, kisha akaomba kuazima rula.

Mwezi uliofuata Daktari alilisoma daftari polepole. Lilikuwa na vema ishirini na nane na mikasi miwili.

“Siku hizi mbili?”

“Nilisahau,” Kijiti akasema, akiinamisha kichwa. “Tulikuwa na wageni.”

Vidonge viwili vilikuwa vimebaki chupani. Chembe nyekundu zilikuwa zimeanza kunenepa tena, na dozi ilibaki ileile, yake na ya wenzake.

“Inua kichwa, mwanangu,” Daktari alisema. “Kusahau kunarekebishika. Uongo hauwezi kutibika mpaka mwenyewe aseme. Mwezi ule uliniletea vema thelathini, nikakaribia kuwadhuru watoto. Leo umeniletea mikasi miwili, na kwa sababu yake naziamini hizi vema ishirini na nane.”