Basi Lililosubiri Kupungiwa Mkono

Kwa kusimulia mambo ya kutisha mimi sina mpinzani mtaa mzima, anayebisha aje. Lakini hili sikulitunga. Lilimkuta mama mdogo, mdogo wake mama yangu, mchana kweupe, nguo zikiwa kwenye kamba.

Mumewe alikuwa dereva. Kampuni ilipoleta mabasi ya kujiendesha, yeye ndiye aliyepewa moja alifundishe. Anaendesha, kamera zinatazama, mtambo unaiga: hapa punguza mwendo, pale kwepa shimo. Kila akifika mbele ya nyumba yake anasimama, mama mdogo anatoka kibarazani kumpungia mkono. Asipopungiwa haondoki.

"Mpungie bwana, shemeji, tuna njaa!" abiria walikuwa wakipiga kelele.

Siku moja wakanuniana asubuhi, kwa jambo dogo ambalo mama mdogo mwenyewe halikumbuki. Mchana basi likaja, likasimama. Akachungulia kwenye pazia. Hakutoka. Mume akasubiri weee, mwishowe akaondoka kichwa chini. Jioni ile alianguka gereji, moyo ukasimama. Hawakuonana tena.

Baada ya maziko kampuni iling'oa usukani, pedali na kiti cha dereva. Basi likaanza kazi lenyewe. Siku ya kwanza tu, likasimama mbele ya nyumba.

Mama mdogo alitoka mbio. Akainua mkono. Akaushusha. Alijua akipunga, litaondoka.

Tangu hapo kila mchana linakuja, naye anakaa kibarazani, mikono mapajani, analitazama huku machozi yanamtoka. Abiria wanashuka wakitukana, wanamalizia safari kwa miguu. Basi haliondoki mpaka watu wa kampuni waje kulivuta.

Fundi wa mitambo, mwanamke mpole, akaja kumwona.

"Pole, mama. Linaiga tu alivyolifundisha marehemu. Tunafuta mafunzo yake yote, tunaweka ya dereva mwingine."

"Usinifutie mume wangu, mwanangu."

"Jana lilikuwa na mgonjwa ndani, mama. Alichelewa hospitali."

Kesho yake likaja kwa majaribio, ndani yumo fundi peke yake. Likapunguza mwendo. Likasimama. Fundi akashuka.

"Mama," alinong'ona, "nilifuta. Nilifuta kwa mkono wangu."

"Sasa nani kalisimamisha?"

Mtambo ulizimika. Barabara ikawa kimya. Mama mdogo akausogelea mlango uliokuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na pumzi. Pumzi nzito, ya mtu aliyechoka kusubiri.

Hapo ndipo alipoelewa. Siku zote alidhani anamzuia asimwache. Kumbe alikuwa amemnyima njia.

"Nisamehe, mume wangu," alisema taratibu. "Hasira zilikwisha mchana uleule. Nilikuwa naona aibu kutoka. Nenda kapumzike."

Akainua mkono. Akapunga.

Mlango ukajifunga. Basi likaondoka polepole, kama mtu anayenyata asiamshe mtoto, fundi akiwa bado amesimama barabarani.

Halijasimama pale tena. Mama mdogo hutoka kila mchana, na kila mchana linampita.

Mkidhani naongeza chumvi, kamuulizeni fundi kuhusu mpira wa sakafuni, kule mbele kusikokaa mtu. Umelika. Alama ya kisigino, mguu wa kulia, ilipokuwa breki. Ametandika mpya. Nao umeanza kulika.