Blanketi la Watoto Wasiolia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye mitumba ya soko la Morogoro, watu walikuwa wakikanyagana. Yustina, kitenge cha bluu kiunoni na mwanawe mgongoni, alikuwa akipanga nguo za wachanga anazouza, mteja mmoja, Benedikto, akainama akachagua blanketi la manjano lenye picha za bata.

“Mtoto ana miezi mingapi?”

“Sina mtoto, dada.”

“Kumbe bata hao unajifunika mwenyewe?”

Akacheka, akalipa. Kesho yake akarudi hana anachonunua. Miezi mitatu baadaye walikuwa Yusi na Beni, simu asubuhi, simu jioni. Beni alimsimulia alivyopunguzwa kazi kiwanda kilipobinafsishwa, na vibarua alivyopata maabara kule Mazimbu. Habari za blanketi aliziruka kila zilipoguswa.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Baba wa mwanawe Yustina alikuja kugundulika ana mke Kilosa. Na sasa shati la Benedikto, chini ya marashi, lilikuwa na harufu ambayo mama hadanganywi nayo: mkojo. Kisha Jumapili moja, wakila ndizi za kuchoma, simu ya Beni ikalia, naye akageukia ukutani.

“Rosa, wamekula? Wafunike vizuri. Wakipigwa na baridi watakufa wote.”

Yustina akajifuta vidole taratibu. “Wako wangapi?”

“Nani, mpenzi?”

“Nenda kawalee, Beni.”

Wiki mbili Yustina hakupokea simu zake. Ya tatu akaamua kwenda kumwona huyo Rosa kwa macho yake, matusi ameyapanga tangu stendi ya Msamvu. Uani, nyuma ya nyumba ya Beni aliyoelekezwa, alimkuta huyo Rosa: mama mwenye mvi, akisuuza madumu. Badala ya matusi, akaamkia.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Umetuletea mkojo?”

Benedikto akatoka bandani, kavaa ovaroli, uso umemshuka. Nyuma yake, mezani, mtungi wa kioo ulikuwa umevikwa blanketi la bata. Akaeleza huku akitazama chini: ndani mna wadudu wasioonekana kwa macho, chakula chao mkojo na chokaa, ukiwamwagia kwenye mchanga wanaugandisha kuwa tofali, bila tanuri, bila kukata mti hata mmoja wa Uluguru.

“Wiki tatu namwonea wivu mdudu,” Yustina alisema. “Kwa nini ulinificha?”

“Mwanamume mzima nazunguka mitaani kuomba mikojo. Ungenikubali?”

Yustina akaokota tofali moja, akalipima kwa kiganja. “Maneno matamu nimeshayasikia. Safari hii nitaliuliza hili. Linakaa kwenye beseni la maji siku saba. Likiyeyuka, namba yangu ifute.”

Kila asubuhi, nyumbani kwake, alilibonyeza kwa kidole gumba, akiomba bila kujua kama anaomba liyeyuke au ligome. Siku ya nane simu ya Benedikto ililia, akaidaka.

“Beni,” sauti ikasema, “mwanangu kajaza kopo. Njoo ulichukue. Na usije peke yako, njoo na mshenga.”