Mdomo Si Wangu

Kila siku baada ya masomo, Kijiti, msichana wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa wembamba wake, alifunga aproni, akaminya rangi za mafuta kwenye kibao na kusimama mbele ya mama wa kale. Mama huyo alikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: nakala ya picha ya karne nyingi zilizopita, kitambaa cheupe kichwani, uso wa mtu asiyependa mchezo. Kijiti alitakiwa kuuiga uso huo kwenye turubai ya kuchorea, na Jumamosi wazazi wangekuja kuona.

Paji lilikubali. Pua ilikubali. Mdomo ulimtoa jasho. Kwa wiki tatu aliuchora na kuufuta, mpaka Alhamisi ulipokaa, ingawa umepinda kidogo. Siku hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Ijumaa, mwenzake wa darasani waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alimpokea mlangoni mwa chumba cha sanaa. "Wewe! Mdomo wa picha yako umenyooka, utadhani unataka kusema!"

Kijiti akaisogelea picha. Kweli, ulikuwa mdomo mzuri ajabu. Lakini hakuuchora yeye. Hasira zikampanda hadi masikio yakawaka moto.

"Mwalimu, nani ameshika picha yangu?"

Mwalimu wa sanaa alikuwa akiosha brashi. "Nimekurekebishia kidogo tu. Kesho wageni wanakuja, tusiaibike."

"Kidogo? Ni mdomo mzima! Halafu chini pana jina langu!"

"Punguza sauti. Mwingine angeshukuru."

"Samahani, Mwalimu, sikukosei adabu. Lakini mtu akinifanyia hesabu kwenye mtihani, utaniadhibu. Kesho nikisifiwa mdomo huo, nijibu nini?"

Mwalimu akaweka brashi chini.

"Ukiufuta, huenda usiwe na picha ya kutundika," Mwalimu akasema kwa ukali.

"Basi nisitundike!"

Rangi ya mafuta haikauki upesi. Kijiti alichovya kitambaa kwenye tapentaini ya kuyeyushia rangi, akaupangusa mdomo wote, likabaki doa la kahawia. Machozi yalimlenga, lakini hakujuta hata chembe. Akachukua kipande cha mbao chakavu, akakiweka mbele ya Mwalimu. "Naomba unioneshe hapa. Kwenye turubai nitachora mwenyewe."

Mwalimu akashika brashi. "Kosa lako ni mstari unaopitisha katikati ya midomo. Mstari haupo. Fumba macho nusu, uangalie tena. Unaona nini?"

"Kivuli."

"Basi chora kivuli."

Kijiti alichora hadi jioni, na Jumamosi picha ikatundikwa. Mzazi mmoja aliinamisha kichwa, akatabasamu. "Uso mzuri, ila mdomo umekwenda upande. Mwalimu, hukuweza kumrekebishia?"

"Nilimrekebishia," Mwalimu akajibu, ukumbi mzima ukisikia, "akaufuta, na alikuwa na haki. Nilijidanganya kwamba namsaidia, kumbe namnyang'anya kazi yake ili nisifiwe mimi. Watoto, ombeni kuelekezwa, lakini kazi fanyeni wenyewe. Na mtu akikufanyia, hata akiwa mwalimu wako, usikubali kuiita yako."

Mzazi akamgeukia Kijiti. "Kwa hiyo huu umeuchora wewe?"

"Mimi," Kijiti akasema, bado amekunja uso. "Wote, pamoja na ulivyopinda."