Buluu Iliyorudi

Ijumaa mchana, swala imeisha na mtaa mzima wa Biryogo, Kigali, uko barabarani, msichana mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya mfereji akichota maji machafu kwa chupa. Hakuwa mwendawazimu. Alivaa suruali nyeusi iliyopigwa pasi vizuri, blauzi ya njano na viatu vya kisigino, na watu walimzunguka kama wanavyozunguka ajali.

"Dada, umepoteza hereni?" sauti ya mwanaume ikauliza juu yake.

"Sijapoteza kitu. Nani anamwaga buluu hii?"

"Sijui."

Msichana akainua macho. Kanzu nyeupe, ndevu zilizochongwa, tabasamu la mtu anayejua kuwa ni mzuri. Mikono kaificha nyuma.

"Nionyeshe mikono."

Watu wakacheka. Kijana akaitoa, polepole. Ilikuwa buluu mpaka kwenye viwiko.

"Wewe ni wa serikali?" akauliza.

"Wa maabara."

"Hiyo mbaya zaidi. Na Kiswahili chako cha redio hicho, umekitoa wapi?"

"Bukoba, nilikokulia. Na wewe uongo umeutoa wapi?"

Hivyo ndivyo Gwiza alivyomjua Usumani, mtia rangi wa nguo, ambaye babu wa babu yake alifika Kigali na wafanyabiashara kutoka pwani. Karakana ilikuwa ya mama yake, Nyiramana. Wanawake sita walikula kwa mapipa yake ya rangi, na nguo zao za nili, ile buluu nzito inayokaribia weusi, zilitafutwa na maharusi wa mji mzima.

Lakini karakana ilikuwa taabuni. Maji yake yalishuka mferejini hadi bondeni kwenye bustani za mboga. Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliopita, walipomaliza umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, na kukaa kwenye mkutano wa majirani, mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji, mzee Karangwa, alisimama akasema bila kuzunguka: "Umuganda ujao mtuonyeshe maji safi. La sivyo mapipa yafungwe."

"Ninaweza kuyasafisha," Gwiza akasema baada ya kusimuliwa.

"Kwa bei gani?"

"Bure. Mimi natafuta maji machafu ya utafiti wangu, wewe unatafuta mtu wa kuyasafisha. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba nimeanza kukupenda kabla sijajua jina lako."

"Gwiza. Sasa unajua. Lete ndoo."

Usumani alileta ndoo, kisha akaleta nyingine ambayo hakuna aliyeiomba. Katika maabara ya chuo, ng'ambo ya bonde, Gwiza alimwonyesha chembe za shaba alizozitengeneza, ndogo kiasi kwamba hadubini ya darasani haizioni.

"Hiki kinaitwa kichocheo," alisema. "Chenyewe hakiishi. Kinasukuma tu kazi iende haraka."

"Kama mama yangu."

Alitia maji ya nili kwenye chupa, akaongeza chembe na unga mweupe wa dawa, akafunga kizibo. Buluu ikapauka, ikafifia, ikapotea. Usumani alisahau kufunga mdomo.

"Wewe ni mchawi, sha."

"Mimi ni mkemia. Toa mkono wako kiunoni kwangu."

"Umesema nitoe?"

"Nimesema. Sijasema sasa hivi."

Simu zikaanza. Asubuhi: "Mpenzi, umekunywa chai?" Mchana: "Mukunzi, maji yako bado yako wazi?" Jioni Gwiza alikaa kwa mama yake, mtaa wa Kagarama, simu sikioni, akicheka peke yake, mpaka mama akauliza ni nani.

"Anaitwa Usumani. Anatia rangi nguo Biryogo."

"Mwislamu? Tena wa mapipa? Oya, hapana, Gwiza. Sikukusomesha kwa ajili hiyo."

"Ulinisomesha ili nichague, mama. Nimechagua."

Siku ya umuganda ikafika. Asubuhi hiyo Gwiza alipita maabara kuchukua karatasi zake akakuta chupa moja imelala kwenye meza. Alisahau kuifunga jana yake. Maji yalikuwa buluu.

Alisimama akayatazama. Akachukua chupa nyingine iliyo wazi kama machozi, akaing'oa kizibo, akaimimina kwenye bakuli na kuitikisa. Buluu ikarudi mbele ya macho yake, tena bila haya.

Hapo akaelewa. Rangi haikuwa imevunjika. Ilikuwa imevuliwa shati tu. Ilipoguswa na hewa ikavaa tena. Na aibu ilikuwa ya wote wawili. Usumani kila siku alitoa nguo kwenye pipa ikiwa ya kijani kilichopauka, akaianika, akaitazama ikigeuka buluu kwa upepo. Gwiza alijua jambo hilohilo kutoka vitabuni. Ila yeye alifunga kila chupa kama alivyofundishwa, na Usumani hakuwa akitazama chupa.

Alimpigia Usumani simu, tena na tena. Haikupokelewa. Asubuhi ya umuganda pikipiki hazitembei, basi akashika njia kwa miguu na koti lake jeupe, barabara tupu mbele yake. Askari akamsimamisha.

"Dada, wenzako wanafanya kazi. Wewe unaenda wapi?"

"Kazini. Umuganda wangu uko Biryogo."

Alifika mkutano ukiwa umeanza. Usumani alisimama katikati, shati jipya la nili, chupa ya maji maangavu aliyopewa na Gwiza juu kichwani, na majirani walikuwa wanapiga makofi. Nyiramana alilia wazi, pembe ya khanga machoni.

Usumani alipomwona Gwiza, uso ukamng'aa. "Huyu hapa mwenyewe! Njoo, mpenzi, waambie."

Angeweza kunyamaza. Karangwa alikwisharidhika, mapipa yalikwishapona. Gwiza alichukua chupa, akamnong'oneza, "Nisamehe kwa kukushtukiza, si kwa jambo lenyewe," akaimimina kwenye beseni na kuikoroga kwa mkono.

Buluu ikapanda. Makofi yakafa.

"Kazi yangu haijafaulu," Gwiza akasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Rangi ilikuwa imejificha. Ikifika bondeni itarudi. Msiyakubali maji haya."

Karangwa alikuna kidevu. "Basi mapipa yafungwe, mpaka maji yasafike kweli."

Usumani alimfuata Gwiza hadi kona, mishipa ya shingo imesimama.

"Usingeweza kuniambia pembeni?"

"Nilikupigia mpaka simu ikazimika."

"Umeniaibisha mbele ya mama yangu!"

"Kule bondeni kuna wanawake wanaoosha mboga kwa maji hayo. Nao ni mama za watu."

"Nenda, Gwiza. Nenda na chembe zako."

"Naenda. Lakini sitajuta, na usiningoje nijute."

Mapipa yakafunikwa. Wanawake sita wakabaki kushona mashuka. Usumani alinuna, akamkaripia kila aliyepita, mpaka Nyiramana akaweka mkasi chini.

"Niambie kitu kimoja. Umekasirika kwa sababu alikudanganya, au kwa sababu alikataa kudanganya?"

"Mama, wewe ndiye uliyelia."

"Nililia, nikapangusa. Mimi nilifungiwa mapipa, sikufungiwa akili. Yule msichana aliharibu sifa zake mwenyewe mbele ya watu wote. Wewe ulipoteza nini zaidi yake?"

Usumani alipiga simu.

"Siombi msamaha," Gwiza akasema kabla ya salamu.

"Naomba mimi. Nikute wapi?"

"Nilipo siku zote. Lete ndoo."

Alimkuta na sufuria ya chai kavu isiyo na sukari, macho mekundu, nywele zimefungwa kwa mpira wa kufungia karatasi. Gwiza alimimina chai ile kwenye maji ya chumvi ya chuma. Papo hapo yakawa meusi kama wino.

"Chai ya kwetu imetengeneza chembe za chuma," alisema. "Hizi nazitia pamoja na maji ya oksijeni, yale ya kusafishia vidonda. Haziivui rangi. Zinaikatakata vipande."

"Una uhakika?"

"Hapana. Ndiyo maana safari hii hatufungi chupa. Tunakoroga, tunapiga, tunaanika juani. Buluu ikirudi, tunaanza upya."

Walianza upya mara kadhaa. Chembe zilizidi, zikapungua. Maji yakabaki ya kahawia, matope ya chuma yakakataa kutuama. Usumani alijifunza kupima ukali wa maji. Gwiza alijifunza kukubali kusaidiwa, jambo lililomchosha zaidi. Kisha wakapata beseni lililobaki wazi kutwa nzima kwenye upepo, na mashine ya maabara haikuiona tena nili ndani yake.

Umuganda uliofuata, beseni liliwekwa katikati ya mkutano. Karangwa alilikoroga mwenyewe, mzee na jasho lake, mpaka akachoka. Maji yakabaki maji.

"Si ya kunywa," Gwiza akaonya. "Na matope ya chuma yatazolewa, hayatamwagwa. Nitakuja kupima bila taarifa. Siku nikikuta buluu, nitasema hapahapa."

"Utasema hata kama ni karakana ya huyu?" Karangwa akamwelekezea kidole Usumani.

"Ya huyu kwanza."

Watu wakacheka. Usumani hakucheka. Alisogea mbele ya wote.

"Mzee, mapipa tufungue?"

"Fungueni."

"Basi nina jingine. Gwiza, utaniaibisha tena?"

"Ukidanganya, ndiyo. Mbele ya watu."

"Ndiye mke ninayemtaka. Nioe."

"Mwanamke haoi."

"Leo anaoa. Unakubali?"

Gwiza alimtazama, kisha akawatazama majirani waliokuwa wameinua simu kupiga picha. "Nakubali. Kila mtu na dini yake, na maabara siachi. Lakini twende Kagarama leo hii. Mama yangu atakataa."

"Nitarudi kesho."

"Atakataa na kesho."

"Mwambie basi atafute kiti changu cha kudumu," Usumani akasema, akamshika mkono, wakaanza kuteremka barabarani kutafuta pikipiki ya kwanza itakayowashwa.