Albamu ya Afedra na Wimbo wa Ndege

Kila asubuhi ya likizo, Kevina alikuwa shambani kwao kijijini Midia kabla ndege hawajaamka vizuri. Alisimama katikati ya mtama, akagonga makopo na kuimba kwa sauti kubwa:

"Ondoka, mdomo mdogo, tumbo kubwa!
Jasho la Mama si chakula chako!"

Wimbo huo aliutunga mwenyewe, neno kwa neno, msimu mzima.

Kaka yake, Afedra, alipiga gitaa katika bendi ya roki mjini Arua. Siku moja alipokuja nyumbani, alimfuata shambani na simu mkononi, tayari kurekodi. "Imba tena," alisema. Kevina akaimba mara tatu, akidhani kaka anataka kuwachekesha wenzake.

Miezi ikapita. Jumamosi moja, mama yao, Rosina, alimtuma Kevina mjini Koboko kununua chumvi. Kwenye kibanda cha Moris, anayeuza nyimbo, spika ilikuwa inanguruma. Magitaa yalilia, kisha sauti ya Afedra ikapanda: "Ondoka, mdomo mdogo, tumbo kubwa!"

Kevina alisimama pale pale.

"Hii wimbo iko ya nani?" aliuliza.

"We hujui? Kaka yako ametoa albamu ya kwanza peke yake, bila bendi! Hii ndiyo watu iko nataka kila saa." Moris akampa flashi yenye nyimbo hizo, ndani ya pakiti ya karatasi. Juu palikuwa na uso wa Afedra. Chini paliandikwa: *Nyimbo zote zimetungwa na Afedra.*

"Zote?"

"Soma mwenyewe. Si uko darasa la sita?"

Kevina alirudi nyumbani kwa hasira. Chumvi aliisahau.

Kesho yake, baada ya ibada, Afedra alipanga spika zake uwanjani mbele ya kanisa, na katoni ya flashi kando. Watu walijaa. Wimbo wa ndege ulipoanza, Kevina alipita katikati yao na kung'oa waya wa spika. Muziki ukakatika.

"Umerukwa na akili?" Afedra alifoka.

"Mwizi! Hiyo wimbo iko yangu!"

"Yako? Wewe ulikuwa unafukuza ndege tu. Ile ilikuwa kelele. Gitaa nimetia mimi."

"Kama ilikuwa kelele, mbona umeibeba mpaka Arua?"

Watu waliangua kicheko. Afedra alinyoosha kidole. "Nenda nyumbani ukaoshe vyombo!"

Hapo Rosina akasimama. "Afedra. Tukilima pamoja, mtu akianzisha wimbo, mwisho wa wimbo tunafanya nini?"

Afedra alitazama viatu vyake.

"Sema, watu wasikie."

"Tunaita jina la aliyeanzisha, Mama."

"Hata akiwa mtoto?"

"Hata akiwa mtoto." Sauti yake ilishuka. "Kwenye bendi wenzangu ndio walikuwa wanatunga. Nilitaka watu waone kwamba naweza peke yangu."

"Na kuniuliza kungekuchubua mdomo?" Kevina alisema.

Afedra alirudisha waya mwenyewe, akaimba wimbo wote, na mwisho akapaza sauti: "Aliyeanzisha ni nani? Kevina!"

"Kevina!" umati ukaitikia, kama shambani.

Lakini Kevina alielekeza kidole kwenye katoni. "Na hizo?"

Mchana kutwa Afedra alikaa na kalamu, akikata neno "zote" na kuandika jina la dada yake kwenye pakiti mia mbili. Kevina alikaa mbele yake, akikagua moja moja. Zenye maandishi madogo alizirudisha.

"Herufi kubwa, kaka."

Rosina aliwaletea maji. "Wewe Kevina, siku nyingine anza na mdomo kabla ya waya. Na wewe Afedra, kuipamba kazi ya mwenzako si kosa. Ila ukificha jina lake, wewe na wale ndege ni wamoja: mmekula mtama ambao hamkuupanda."

"Nimesikia, Mama," alisema Afedra.

Kevina hakutabasamu bado. Alimsogezea kaka yake pakiti nyingine.